Wasomaji Wanauliza: Mteja Akisema "Nitakupigia", Kisha Kimya

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa watu wanaouza ujuzi wao: wahasibu, mawakili, wasanifu majengo, wahandisi na washauri wa mifumo. Kazi wanaijua. Kinachowashinda ni mazungumzo yanayotangulia kazi. Tumejibu sita.

Ndugu mhariri, nina ofisi ya uhasibu ya watu watatu. Nikikutana na mteja mtarajiwa namweleza huduma zetu zote, uzoefu wetu na programu tunazotumia. Anafurahi, anachukua kadi, anasema "nitakupigia". Hapigi. Kati ya watu kumi niliokutana nao, nimepata mmoja. Nakosea wapi?
*Mhasibu*

Jibu limo ndani ya barua yako. Umetaja huduma, uzoefu na programu. Hukutaja jambo hata moja ambalo yeye alikueleza. Maana yake kikao kizima ulizungumza wewe.

Anayenunua kiti anaweza kukikalia kwanza. Anayeajiri mhasibu hana namna ya kuionja kazi kabla ya kuilipia, na mara nyingi hata baada ya kuilipia hawezi kusema kama imefanywa vizuri au imefanywa tu. Kwa hiyo anapima kile anachoweza kukiona: huyu mtu ameielewa hali yangu? Na hilo analisikia katika maswali yako. Swali moja lililogusa ghala lake lina uzito kuliko vyeti vyote ulivyovitundika ukutani.

Anza kabla ya kikao. Tenga dakika 20 hadi 30 usome kila walichokiweka hadharani: wanauza nini, wana matawi mangapi, wamiliki ni nani. Kwenye nusu karatasi andika matatizo matatu unayoyahisi na maswali sita au saba. Kipeperushi kibaki kwenye mkoba.

Kikao cha dakika 45 kigawe hivi. Dakika tano za kwanza ni salamu na kukubaliana mwendo: "Ningependa nianze kwa kukuuliza kuhusu biashara yenu, kisha nikuambie kama tunaweza kusaidia, na dakika kumi za mwisho tuamue kama kuna haja ya kuendelea. Inafaa?" Dakika 25 ni za maswali. Tano zinatosha kueleza ungefanya nini. Kumi za mwisho ni za hatua inayofuata, na hizo zilinde, maana ndizo huliwa na maneno mengi.

Maswali nayo yana mpangilio. Ya kuuliza hali ilivyo yasizidi mawili au matatu, kwa kuwa mengi ungeweza kuyapata mwenyewe. Kisha uliza tatizo, kisha uliza tatizo hilo linagharimu nini. Hapa ndipo kazi ilipo. Tazama mazungumzo haya ya mhasibu na mwenye duka la jumla:

– Hesabu za mwezi huwa zinakufikia lini?
– Tarehe 25 hivi ya mwezi unaofuata.
– Mpaka kufika tarehe 25, ni uamuzi gani unakuwa umeshaufanya bila kuziona?
– Kuagiza mzigo. Huwa naagiza tarehe 10.
– Mara ya mwisho kuagiza kupita kiasi ilikuwa lini?
– Miezi mitatu iliyopita. Mpaka leo ghala limejaa.
– Ule uliokwama ni sawa na mauzo ya muda gani?
– Ngoja… kama wiki sita.

Mhasibu hajasema neno lolote kuhusu ofisi yake. Lakini "hesabu zinachelewa kidogo" limegeuka kuwa mauzo ya wiki sita yaliyolala ghalani, na tarakimu hiyo ameitoa mteja mwenyewe. Hataibishia. Akifika nyumbani au kwa mbia wake, ndiyo atakayoisimulia.

Sasa rudi kwenye jibu la kwanza, lile la tarehe 25. Wahasibu wengi wangerukia hapo hapo: "Sisi tunafunga hesabu ndani ya siku tano!" Mteja angejibu "safi sana, nitakupigia", na mazungumzo yangekufa. Kosa hili huwapata zaidi mabingwa, kwa sababu wao huliona jibu mapema. Dawa yake ni ndogo: jibu likikujia, liandike pembeni ya karatasi, weka alama ya nyota, kisha uliza maswali mawili zaidi. Na ukishauliza, nyamaza. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Wengi huuliza swali zuri, kisha wakaogopa kimya wakalijibu wenyewe.

Angalia usigeuke mpelelezi. Maswali matatu mfululizo bila kurudisha chochote yanachosha, hivyo kila baada ya mawili au matatu mrudishie ulichosikia: "Kwa hiyo unaagiza tarehe 10, picha kamili unaipata wiki mbili baadaye. Nimekuelewa?" Wala usimseme vibaya mhasibu aliyepo. Huenda aliyemwajiri ndiye huyo aliyekaa mbele yako, au mhasibu mwenyewe ni shemeji yake.

Mwisho wa kikao, "nitakupigia" isiachwe ielee. Sema: "Nitakutumia muhtasari leo jioni. Jumanne saa nne asubuhi tuzungumze dakika ishirini kwa simu, ukiwa umeshamwonyesha mbia wako. Saa nne inakufaa?" Kila mmoja aandike kwenye kalenda yake kabla hamjasimama. Akikataa kupanga siku yoyote, hilo nalo ni jibu, na ni afadhali ulipate pale pale kuliko kulisubiri mwezi mzima.

Ndugu mhariri, kabla hata sijakaa mteja anauliza "bei gani?" Nikitaja, anashtuka. Nikisema "inategemea", anaona namficha. Nifanyeje?
*Msanifu majengo*

Mtajie. Anayeuliza bei mwanzoni mara nyingi anaogopa kuaibika mbele kwa kugundua hana uwezo, na ukimkwepa hofu inazidi. Mpe kiwango cha chini na cha juu, mwambie mambo mawili yanayoisogeza bei, kisha umrudishie swali: "Kazi za ukubwa huu kwetu huanzia hapa, na hazizidi pale. Kinachopandisha ni hali ya kiwanja na kama mnataka tusimamie ujenzi. Kiwanja kikoje?" Cha juu kisizidi mara moja na nusu ya cha chini. Pengo likiwa kubwa kuliko hapo, yeye atasikia cha chini, wewe utakumbuka cha juu, na mtagombana siku ya ankara.

Ukishataja, usiombe radhi. "Lakini tunaweza kuzungumza" ikifuata mara tu baada ya tarakimu, umeshajipunguzia kabla hujaombwa.

Akiomba punguzo, punguza kazi, bei isishuke peke yake. "Tukiondoa usimamizi wa ujenzi, ada inashuka kiasi hiki. Ila fundi akibadilisha nondo, hakutakuwa na mtu wetu wa kuliona. Ungependa tuondoe?" Wengi hapo huamua kubaki na kazi nzima. Piga hesabu uone kwa nini tunalisisitiza hili: kazi yenye faida ya asilimia 25, ukitoa punguzo la asilimia 10 bila kupunguza kazi, umetoa asilimia 40 ya faida yako yote. Na mteja amejifunza kwamba bei yako ya kwanza haikuwa ya kweli.

Ndugu mhariri, naandika mapendekezo ya kurasa ishirini, kila moja linanila siku mbili au tatu. Nikishatuma, kimya. Je, niyafanye mafupi, au nibadilishe mpangilio?
*Mshauri wa mifumo ya kompyuta*

Yafanye mafupi, ndiyo, lakini ugonjwa hauko kwenye kurasa. Unaandika mapema mno. Pendekezo halimshawishi mtu. Kazi yake ni kuweka kwenye karatasi yale mliyokwisha kukubaliana kwa mdomo. Usishike kalamu mpaka ujue mambo manne: tatizo linagharimu nini, nani ataidhinisha, kwa nini linahitajika sasa wala si mwaka ujao, na kama kiwango cha fedha ulichokitaja kimepokelewa bila kelele. Likikosekana moja, piga simu.

La nani anaidhinisha ndilo linalowatatiza watu, kwa kuwa ukiuliza "wewe ndiye mwamuzi?" umemdhalilisha. Uliza hivi: "Zaidi yako, nani mwingine angependa kuliona hili kabla halijapita?" Atakutajia mhasibu mkuu, au mzee mwenye hisa ambaye haji ofisini. Omba dakika 20 na huyo pia. Asipokusikia wewe mwenyewe, kitakachomfikia ni bei peke yake.

Siku hiyo hiyo ya kikao, kabla hujalala, tuma muhtasari usiozidi mistari kumi. Mfano:

"Asante kwa muda wako. Nilivyoelewa: wafanyakazi wanne wanaingiza oda zile zile mara mbili, na makosa yanawarudishia wastani wa oda tisa kwa wiki. Mngependa hili liishe kabla ya msimu wa mauzo. Mkurugenzi wa fedha ataidhinisha. Tulizungumza kiwango cha ada na ukaona kinazungumzika. Kama kuna nilipokosea, nisahihishe. Tunaongea Alhamisi saa tatu asubuhi."

Sentensi ya kusahihishwa ina thamani kubwa. Mtu akikujibu "hapana, oda ni kumi na mbili", ameshaanza kufanya kazi pamoja nawe.

Pendekezo lenyewe kurasa mbili au tatu zinatosha: hali yao kwa maneno yao, matokeo, hatua na tarehe, yale ambayo *hayamo* kwenye kazi hii, ada na awamu za malipo, nafasi ya sahihi. Historia ya kampuni yako ikitakiwa iwe kiambatisho. Kisha lisomeni pamoja, ana kwa ana au kwa simu. Ukilituma peke yake, litafunguliwa ukurasa wa mwisho, itaangaliwa bei, litafungwa.

Kimya kikija, fuatilia siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, na kila mara uende na kitu: jibu la swali walilouliza, kanuni mpya inayowahusu, tarehe ambayo ikipita kazi haitawahi msimu. "Nilikuwa naulizia tu" haina kitu ndani yake. Baada ya hapo tuma ya kufunga: "Naona jambo hili si la sasa. Nafunga jalada, mkilihitaji tena nitalifungua kwa furaha." Ujumbe huu huamsha waliokuwa wanaona aibu kukujibu, na usipoamsha mtu, angalau hulali tena ukimfikiria.

Ndugu mhariri, watu wananialika "tuzungumze kidogo", wananikamua ushauri saa mbili, kisha wanakwenda kufanya wenyewe. Nizuie maarifa yangu?
*Mshauri wa masuala ya wafanyakazi*

Usizuie. Tenganisha. Kusema ni nini kimeharibika na kwa nini, huko ndiko kuonyesha ujuzi. Kusema hatua kwa hatua watatengenezaje, kwa watu wao na mikataba yao, hiyo ni kazi yenyewe. Mteja akikueleza kwamba wafanyakazi wapya wanaacha kazi mwezi wa tatu tangu waajiriwe, unaweza kumwambia bure kwamba mwezi wa tatu mara nyingi huashiria kazi isiyofanana na ile waliyoahidiwa kwenye usaili. Kuandika upya maelezo ya kazi kumi na nne ni shughuli nyingine.

Weka mpaka kabla ya kikao, si katikati yake: kikao cha kwanza dakika 45, bila malipo. Anayetaka zaidi, mpe kitu kidogo chenye bei, tuseme tathmini ya siku kumi inayoishia na ripoti ya kurasa nne, na ada yake ikatwe kwenye kazi kubwa wakiendelea nawe. Asiyekuwa tayari kulipia tathmini ndogo hatalipia mradi.

Na kuna sababu nyingine ya kutomwaga ushauri wa juu juu. Katika nchi nyingi zinazofuata sheria yenye asili ya Uingereza, mtaalamu anaweza kuwajibika kwa ushauri alioutoa kizembe hata kama hakukuwa na mkataba kati yake na aliyeutegemea. Msingi huo uliwekwa Uingereza katika kesi ya Hedley Byrne mwaka 1963. Katika kesi hiyo hiyo benki iliyotoa maelezo kuhusu hali ya fedha ya mteja wake iliponea kwenye sentensi yake moja, kwamba inayatoa bila kubeba dhamana. Nawe ukilazimika kujibu swali nusu nusu, sema wazi: "Sijaona nyaraka, usiamue kwa hili."

Ndugu mhariri, mimi ni wakili. Maadili yetu yanakataza kutafuta wateja kwa kuwaendea. Basi mazungumzo haya mnayoyasifu si yatanifikisha mbele ya kamati ya nidhamu?
*Wakili*

Yanaweza, ukiyafanya vibaya, kwa hiyo kitabu cha kanuni za chama chenu kiwe cha kwanza kusomwa. Kanuni hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Ila mpaka wenyewe huwa unapita mahali panapofanana, na mahakama kuu kuliko zote Marekani iliuchora kwa kesi mbili. Mwaka 1977, katika kesi ya Bates, iliruhusu mawakili kutangaza huduma zao za kawaida. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Ohralik, ilikubali wakili aadhibiwe kwa kumfuata majeruhi wa ajali ya gari hospitalini ili majeruhi huyo ampe kesi yake. Kinachochukiza ni kumkabili mtu aliye katika maumivu, asiye na nafasi ya kutafakari wala kukataa.

Yanayobaki ni mengi, kwa kiasi ambacho kanuni zenu zinaruhusu. Wateja wa zamani. Wataalamu wa fani jirani, kama wahasibu na wapima ardhi, ambao wateja wao huwauliza "unamjua wakili?" Huyo usimwambie "ukisikia mtu anahitaji wakili, nikumbuke", kwa sababu hatakumbuka. Mpe ishara ya kuitambua: "Mteja wako akikutajia kwamba ndugu wameanza kuulizana kuhusu hati ya nyumba ya marehemu, huo ndio wakati mzuri, kabla hawajafika mahakamani." Ishara moja kwa mtu mmoja. Kumlipa kwa kukuletea mteja ni marufuku katika maeneo mengi, na ni njia ya haraka ya kupoteza leseni.

Jambo moja linalowahusu mawakili kuliko wengine wote kwenye safu hii: simu ya kwanza ikiingia, uliza majina ya pande zote *kabla* ya kusikiliza kisa. "Samahani, kabla hujaendelea, naomba majina ya wahusika nihakikishe sina mgongano." Ukishasikia siri za mtu, kisha ukagundua mpinzani wake ni mteja wako, unaweza kulazimika kujitoa kwa wote wawili.

Ndugu mhariri, mimi si msemaji. Kwenye mikutano ya wafanyabiashara nasimama pembeni na kinywaji changu. Wengine wanagawa kadi hamsini. Kuna tumaini?
*Mhandisi wa majengo*

Lipo kubwa. Aliyegawa kadi hamsini hakumsikiliza mtu hata mmoja kati ya hao.

Lenga watu watatu. Fika dakika 15 kabla ya wakati, ukumbi ukiwa bado na watu wachache na makundi hayajafungamana. Kwa mkimya ni rahisi mara kumi kuliko kuingia katikati. Ukiulizwa unafanya nini, usitaje cheo, taja mtu unayemsaidia na shida yake: "Wenye viwanda wakiona nyufa kwenye kuta, mimi huwaambia zipi za rangi na zipi za hatari, kabla hawajalazimika kufunga." Aliye na ufa ataanza kuzungumza mwenyewe. Wewe muulize upo wapi, umeonekana lini, unakua au umetulia, upana wake unapitisha nini, kadi au kidole. Maswali hayo unayo tayari. Ni yale yale unayouliza kazini.

Baada ya kuachana, ndani ya saa moja, andika mistari mitatu: jina, shida, ulichoahidi. Ndani ya saa 48 timiza ahadi hiyo, hata kama ni maelezo mafupi ya jinsi ya kubandika kipande cha kioo juu ya ufa na kuandika tarehe, ili kikipasuka ajue ukuta bado unasogea.

Na kwa kuwa mikutano inakuchosha, anza na iliyo rahisi zaidi. Orodhesha watu 20 uliowahi kuwafanyia kazi vizuri. Piga simu mbili kila wiki, kila moja dakika kumi, ukiuliza jambo moja tu: "Lile jengo linaendeleaje?" Usiuze kitu. Orodha itaisha kwa wiki kumi, na ikiisha, anza tena juu.